Mbwa Anayeogopa Ngurumo za Usiku: Namna ya Kumsaidia

Mbwa anayetetemeka chini ya kitanda radi zinapopiga si mkaidi wala hadeki. Ameshikwa na hofu ya kweli, na hofu hiyo inapimika. Mwaka 2005 watafiti nchini Marekani waliwasikilizisha mbwa waoga wa ngurumo sauti za dhoruba zilizorekodiwa, kisha wakapima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate yao. Kiwango kilipanda kwa zaidi ya asilimia 200, na dakika 40 baadaye kilikuwa bado hakijashuka kufikia hali ya kawaida. Kwa hiyo ngurumo chache za saa nane usiku zinatosha kumkeshesha mbwa hadi alfajiri, hata kama mvua yenyewe ilipita upesi.

Kazi ya kumsaidia ina sehemu mbili, na kuzichanganya ndilo kosa linalowaangusha wengi. Usiku wa radi ni wa kumkinga. Kumfundisha asiogope ni kazi ya siku za ukavu, wiki nyingi kabla ya mvua. Ukingoja dhoruba ndipo uanze kufundisha, umechelewa: mbwa aliyezidiwa na hofu hajifunzi chochote isipokuwa kuogopa zaidi.

Dalili za mapema

Kila mtu hutambua kutetemeka, kuhema, kufyata mkia na kudondosha mate. Zinazopitwa ni zile zinazotangulia: kulamba midomo bila chakula mbele yake, kupiga miayo mfululizo, masikio kulala nyuma, kukufuata kila uendako, kuzunguka chumba bila kutulia, kukataa kitu anachokipenda kula. Ukiziona hizi, muda wa kuchukua hatua ungali upo. Akishafika kwenye kukwaruza mlango, kujikojolea au kuruka dirishani, unachoweza ni kuzuia asijiumize.

Mbwa husikia ngurumo kabla yako, na wengi hujifunza pia viashiria vinavyotangulia: upepo kubadilika, giza la mawingu, harufu ya mvua. Akiinuka ghafla usingizini na kusimamisha masikio wakati wewe husikii kitu, mwamini. Unaweza kukadiria umbali wa radi kwa kuhesabu sekunde kati ya mmweko na mlio, kisha ukagawanya kwa 3. Jibu ni kilomita. Sekunde 30 ni kama kilomita 10. Hapo bado una nafasi ya kufunga mapazia na kuandaa chakula.

Mahali pa kujificha

Usimchagulie. Tazama anakokimbilia mwenyewe, maana mara nyingi amekwisha kupata jibu: bafuni, kwenye korido, nyuma ya kochi, ndani ya kabati la nguo, chini ya kitanda. Hizo ni sehemu zilizo mbali na madirisha na zenye kuta karibu. Paboreshe hapo hapo. Weka godoro dogo au blanketi nene, fulana uliyoivaa ambayo haijafuliwa, na bakuli la maji, kwa kuwa mbwa anayehema hukaukiwa haraka. Kama anapenda sehemu iliyofunikwa, tandaza shuka zito juu ya meza mpaka liguse sakafu pande tatu, upande mmoja ubaki wazi.

Upande huo usizibwe kamwe. Mbwa aliyefungiwa kwenye kizimba au chumba kidogo akiwa na hofu kuu hung'ata chuma na mbao mpaka meno yavunjike, na hukwaruza mpaka kucha zing'oke. Kinachomtuliza ni kujua kwamba anaweza kuingia na kutoka atakavyo. Hata mbwa aliyezoea kulala kizimbani kwa raha, usiku wa radi mwachie mlango wazi.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau: mahali hapo patumike pia usiku wa kawaida. Mpe kitu cha kutafuna akiwa pale siku ambazo anga ni safi, mara tatu au nne kwa wiki. Vivyo hivyo kwa redio, feni, taa, na vazi la kubana, kama utalitumia. Kitu kinachotolewa usiku wa dhoruba pekee hugeuka kuwa tangazo la dhoruba, na mbwa ataanza kutetemeka akikiona tu.

Jioni mawingu yakitanda

Fanya haya kwa mpangilio, ikiwezekana kabla ngurumo ya kwanza haijasikika:

1. Mtembeze vya kutosha, dakika 30 hadi 45, mwache anuse atakavyo. Mbwa aliyechoka vizuri hupumzika kwa urahisi zaidi. Usimkimbize mpaka akahema sana, kwa maana mwili uliochemka hauwezi kutulia.

2. Mpe chakula cha jioni mapema, na umtoe kujisaidia mara ya mwisho kabla upepo haujaanza. Mshike kwa kamba hata kama ua una uzio. Mlio mmoja wa ghafla unamtosha mbwa kuruka ukuta ambao hajawahi kuuruka.

3. Funga geti, milango na madirisha. Hakikisha amevaa mkanda wa shingoni wenye namba yako ya simu. Kama ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, namba iliyosajiliwa iwe ile unayoitumia sasa.

4. Shusha mapazia, kisha uache taa ikiwaka chumbani. Usiku mmweko wa radi hutisha kwa sababu unapasua giza. Chumba kikiwa na mwanga, tofauti hupungua sana. Taa moja ya kawaida inatosha.

5. Washa feni au redio. Sauti nzito na ya mfululizo hufunika vizuri kuliko sauti nyembamba, kwa hiyo muziki wenye besi ya wastani au mvumo wa feni kubwa hufaa kuliko simu inayolia pembeni. Isiwe ya juu kiasi cha kumkera; kusudi ni kulainisha mlio, na huwezi kuuzima kabisa.

6. Andaa vipande 30 hadi 40 vya chakula kitamu, kila kimoja kama punje ya harage. Nyama ya kuku iliyochemshwa bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu inafaa. Usitumie chokoleti, zabibu, wala kitu chochote chenye ziliitoli, sukari ya bandia inayowekwa kwenye baadhi ya peremende na dawa za maji. Vyote hivyo ni sumu kwa mbwa.

Kama daktari alikwisha kumwandikia dawa ya kumtuliza, huu ndio wakati wake, kabla ya ngurumo. Maelezo ya dawa yako mbele.

Ngurumo zikianza

Kila mlio ukipiga, mpe kipande kimoja ndani ya sekunde moja au mbili. Ngurumo, kisha nyama. Ngurumo, kisha nyama. Huna haja ya kumwamuru aketi wala atulie. Mpe hata kama anatetemeka. Unachokijenga ni uhusiano kati ya mlio na kitu kizuri.

Mpangilio huu ndio uzito wa jambo lenyewe. Ukitoa nyama kabla ya mlio, mbwa hujifunza kinyume chake, yaani kwamba nyama inaleta ngurumo, na baada ya usiku michache atakimbia akiona bakuli. Radi zikifuatana upesi mno, acha kuhesabu na umpe kitu cha kulamba kwa muda mrefu, kama nyama laini iliyopakwa kwenye sahani au kugandishwa ndani ya kichezeo chenye tundu. Kulamba na kutafuna huwatuliza mbwa wengi.

Njia hii si ya kubahatisha. Mwaka 2020 Stefanie Riemer wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, alichapisha matokeo ya kuwauliza wamiliki zaidi ya 1,200 kuhusu mbwa wanaoogopa fataki. Karibu asilimia 70 ya waliojaribu kutoa chakula au mchezo mara tu baada ya mlio walisema iliwasaidia mbwa wao, na mafunzo ya kujilegeza yalikaribia kiwango hicho. Fataki si radi, lakini hofu ya mlio wa ghafla ni ileile.

Akikataa nyama ambayo kwa kawaida huinyakua, hofu imemzidi. Usimlazimishe wala usiisukume mdomoni. Rudi kwenye kinga: mpeleke au mfuate mahali pake, punguza mwanga wa mimweko, kaa karibu naye kimya.

Je, kumbembeleza kunamharibu?

Hapana. Imani hii imewatesa mbwa wengi. Hofu ni hisia, na hisia haifanyi kazi kama kuketi au kutoa mkono. Huwezi kuizidisha kwa kuipapasa. Mbwa akikuegemea, mkumbatie au mpapase polepole, kwa mkono mzito kidogo, kutoka shingoni hadi mgongoni. Baada ya sekunde tano acha, umtazame. Akikusogelea, endelea. Akiondoka, mwache.

Kinachodhuru ni wewe mwenyewe kuhangaika, kumfuatafuata na sauti ya wasiwasi, au kumng'ang'ania mikononi wakati anataka kujificha. Usimvute atoke mafichoni. Mbwa mpole kabisa anaweza kuuma akivutwa mguu katika hali hiyo, na watoto wa nyumbani waambiwe hivyo mapema. Kumfokea au kumpiga kwa kubweka, kukojoa au kukwaruza mlango kunaongeza tishio la pili juu ya lile la kwanza: sasa anaogopa radi na anakuogopa wewe.

Ukiweza, mruhusu alale chumbani kwako usiku huo. Kama hulali naye siku zote, weka godoro lake mlangoni au uache mlango wazi. Upweke gizani huifanya hofu kuwa kali, na mbwa aliye peke yake ndiye anayevunja mlango. Katika utafiti ule wa mwaka 2005, mbwa walioishi na mbwa wengine nyumbani walionyesha kupata nafuu zaidi. Hiyo si sababu ya kununua mbwa wa pili, lakini kama unao wawili wanaopatana, usiwatenganishe. Vipande vya nyama tu ndivyo uwape mbalimbali, wasigombane.

Vazi la kubana kifua huwasaidia baadhi ya mbwa. Lifungwe kiasi cha vidole viwili kupita chini yake, livuliwe dhoruba ikiisha, lisitumike kwenye joto kali. Angalia kwa makini anavyolipokea: mbwa aliyesimama kama gogo, kichwa chini, hajatulia. Ameganda. Aliyetulia hulala, hulegeza masikio na huweza kula. Usimtie pamba masikioni. Huingia ndani kuliko unavyodhani, na haizuii sauti nzito.

Baada ya dhoruba

Usiharakishe kuzima redio na taa. Acha angalau nusu saa baada ya mlio wa mwisho. Kesho yake mpe siku nyepesi, bila mazoezi magumu wala wageni wengi, kwa sababu hajalala na mwili wake bado umechoka. Kagua kucha, makanyagio, fizi na meno. Safisha alipojikojolea bila kumsema.

Kisha andika mambo matatu: alianza kuonyesha hofu lini ukilinganisha na ngurumo ya kwanza, alikubali kula au la, na ilimchukua muda gani kula kwa kawaida baada ya mlio wa mwisho. Nambari hiyo ya tatu ndiyo kipimo bora cha maendeleo. Mbwa anaweza kuendelea kutetemeka kila dhoruba lakini akashuka kutoka saa sita za kutokula hadi dakika 20, na hayo ni mafanikio makubwa ambayo macho peke yake hayayaoni.

Mafunzo ya siku za ukavu

Anza na mkeka. Kwa wiki mbili, dakika tano kila siku, mfundishe mbwa kulala kwenye mkeka mmoja na kujilegeza: weka kipande cha chakula kati ya miguu yake ya mbele kila anaposhusha kichwa, anapolaza nyonga upande mmoja, anapopumua kwa kina. Usitoe amri. Baada ya siku kadhaa ataanza kulegea mara tu mkeka unapotandikwa.

Ndipo uingize sauti. Tafuta rekodi tatu au nne tofauti za ngurumo, maana mbwa huzoea rekodi moja na kuitambua. Tumia spika kubwa kadiri unavyoweza. Spika ya simu haitoi mvumo mzito, na mvumo huo ni sehemu ya kinachomtisha. Kwanza pima kama rekodi inamgusa. Ipige kwa sauti ya chini sana, upandishe kidogo, na usimame mara anaposogeza sikio. Kuna mbwa wasiojali rekodi hata kidogo ingawa radi halisi huwatoa roho. Kwa hao usipoteze wiki zako. Tegemea mkeka na nyama ya wakati wa dhoruba.

Kwa anayeitikia, kiwango cha kuanzia ni kile ambacho anasikia bila kubadilika uso. Piga mlio mmoja, toa kipande, nyamaza sekunde 20 hadi 60, rudia. Milio 8 hadi 10 inatosha kwa siku. Ukiona kwamba akisikia mlio anakutazama kwa hamu, tayari amejua nyama inakuja. Hali hiyo ikijirudia siku tatu mfululizo, panda hatua moja ya sauti. Akilamba midomo, akigeuza kichwa au akiondoka, shuka hatua mbili siku inayofuata. Usipandishe kwa sababu una haraka. Kosa moja la sauti kubwa linaweza kufuta kazi ya mwezi.

Akishazoea mchana, hamia usiku. Punguza sauti tena karibu nusu, kwa kuwa giza ni jambo jipya. Mmweko ufundishwe peke yake kwanza: washa na uzime tochi ukielekeza ukutani, kamwe si machoni mwake, kisha mpe kipande. Baadaye unganisha: mmweko, sekunde tatu, mlio, nyama. Mwisho ongeza feni ya upepo. Hesabu wiki sita hadi nane au zaidi. Dhoruba halisi ikikukuta katikati ya mafunzo, mkinge kama kawaida, pumzika siku mbili tatu, kisha uendelee kwa sauti ya chini kuliko ulipoishia.

Daktari na dawa

Mpeleke kwa daktari wa mifugo ikiwa anajiumiza, anavunja milango, anakaa saa nyingi bila kula baada ya dhoruba, au ikiwa hofu imemwanza ghafla akiwa amekwisha kukomaa. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ukihusisha Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, ulilinganisha mbwa waoga wa kelele wenye maumivu ya viungo au misuli na wale wasio na maumivu. Wenye maumivu walianza kuogopa wakiwa wakubwa zaidi kwa wastani wa miaka minne. Maelezo ya watafiti ni kwamba mbwa anaposhtuka, misuli hukaza na kuamsha maumivu, naye huunganisha maumivu hayo na mlio. Mbwa wa namna hiyo hatapona kwa rekodi na nyama mpaka nyonga au mgongo wake utibiwe. Kwa mbwa mzee, usikivu uliopungua na kuchanganyikiwa kwa uzeeni navyo hufanya usiku kuwa mgumu.

Mrekodi video ya dakika mbili usiku wa dhoruba. Daktari ataelewa mengi kwayo kuliko kwa maelezo, kwa maana mbwa huyo huyo akifika kliniki mchana atakuwa mtulivu kabisa.

Dawa ziko za aina mbili. Za wakati wa tukio, kama trazodoni, gabapentini na alprazolamu, hutolewa kabla ya dhoruba, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa mbili kutegemea dawa. Mbwa akishapandwa na hofu, dawa hizi hufanya kazi kwa udhaifu. Ipo pia jeli ya deksmedetomidini iliyotengenezwa mahususi kwa hofu ya kelele. Hupakwa kati ya shavu na fizi, na mpakaji huvaa glavu. Mbwa akiimeza, nguvu ya jeli hupungua. Za kila siku, kama fluoksetini na klomipramini, huchukua wiki nne hadi nane kuleta matokeo, hivyo zianzwe kabla ya msimu wa mvua. Kiasi cha dawa hupangwa na daktari tu. Dozi ya kwanza mpe siku tulivu ukiwa nyumbani, uone inavyomchukua: baadhi ya mbwa huchangamka badala ya kutulia, na ni bora ujue hilo mchana kuliko saa tisa usiku.

Ukipewa asepromazini peke yake, uliza maswali. Ni dawa ya zamani inayolegeza mwili bila kuondoa hofu. Mbwa hulala chini huku akisikia kila kitu, na kwa baadhi yao kelele huonekana kuwa kali zaidi. Dawa zako mwenyewe za usingizi au za maumivu usimpe kabisa. Ibuprofeni na parasetamoli zinaweza kumdhuru mbwa.

Mbwa anayelala nje

Usiku wa radi aingizwe ndani, hata kama ni stoo au jikoni. Ikishindikana, kwanza mfungue mnyororo: mbwa aliyefungwa akirukaruka kwa hofu hujinyonga au kujikata. Kibanda kiwe na paa lisilovuja, kiinuliwe sentimita 10 au zaidi kutoka ardhini, mlango uelekee kinyume na upepo, ndani kuwe na matandiko makavu. Paa la bati tupu hugeuza mvua kuwa ngoma. Litandikie mbao au turubai nzito juu yake. Weka tabaka mbili za gunia mlangoni kama pazia, zikatwe katikati ili apite bila kusukuma kwa nguvu, na umzoeze kupita hapo mchana wa jua, kwa chakula, wiki nzima kabla hujamtegemea akapite gizani.